Taa ya tangi la matumbawe hapa Dar: T5 zimeniishia, LED ya Kariakoo inayapausha. Nifuate ipi?

#1 Mtu_wa_Kisauni

Salaam ndugu zangu wa Dar. Mimi mtu wa Mombasa, kazi imenileta huku na huu ni mwaka wa tatu naishi Mikocheni. Mwezi wa nne jirani yangu, mgeni hapa kama mimi, alimaliza mkataba akarudi kwao. Tangi lake la matumbawe hakuweza kulibeba, akaniachia. Mwanangu wa miaka saba alikuwa akishinda kwake kila jioni kuangalia samaki, nadhani ndiyo sababu akatuchagua sisi.

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300. Chini kuna matumbawe laini, ya uyoga na ya ngozi. Katikati kuna vichwa vinne vya yufilia, yale yenye mikono mirefu inayoyumba na mkondo. Juu kabisa ya jiwe kuna akropora mbili, matawi kama pembe za paa.

Lilikuja na taa ya T5, yaani mirija myembamba ya tyubulaiti, sita ya wati 54. Mwezi wa tisa miwili ilikufa, na minne iliyobaki ina zaidi ya miezi 14. Nimezunguka Kariakoo siku mbili. Mirija ya urefu ule ipo, lakini ni ya wati 28, ya kumulika vyumba, na balasti yangu, kile kifaa cha kuwashia mirija, haiendani nayo. Nikanunua taa ya LED ya kumulika uani, wati 100, nyeupe kama mchana (6500K), nikaining'iniza juu ya tangi upande wa kushoto kuziba pengo.

Hii ni wiki ya tatu. Akropora zimegeuka rangi ya chai. Yufilia ya kona ya kushoto inafanya kinyume: ncha za mikono zinapauka, na usiku nikiimulika kwa tochi ya simu naona mfupa mweupe unachungulia pale nyama ilipojivuta. Kila asubuhi kabla ya kazi nachuchumaa mbele ya kioo kuiangalia, na mwanangu ananiuliza kama inaumia. Sina la kumjibu.

Nisaidieni. Niende na LED za baharini, niagize T5 nje, au kuna namna ya kutumia jua? Na mwanga umezidi au umepungua, maana juu kunakuwa kahawia na chini kunakuwa meupe? Bajeti yangu laki tisa. Baada ya mwaka na nusu narudi Mombasa, kwa hiyo kiwe kitu cha kubebeka.

#2 mdau_sinza

Natia nanga hapa. Sikujua kabisa kwamba mtu anaweza kufuga matumbawe sebuleni. Weka picha mkuu.

#3 Mzee_Bamvua

Karibu yakhe. Mimi nimekulia Kunduchi, marehemu baba alikuwa mvuvi wa madema. Siku za bamvua maji yakikupwa, matumbawe ya juu ya mwamba yanabaki wazi kabisa, jua linayapiga, maji yakijaa yanaendelea na maisha yao. Hakuna aliyeyawekea taa. Jua la Dar lipo bure mwaka mzima. Toa tangi barazani, weka wavu wa kivuli wa bustani juu yake, kazi imekwisha.

#4 FundiTabata

Mimi nazungumzia umeme tu, matumbawe siyajui. Tuchukulie uniti moja kwa shilingi 356 kama tunavyonunua kwenye LUKU.

T5 zako: wati 54 mara nne ni 216. Ukiwasha saa tisa kwa siku ni kama uniti 58 kwa mwezi, elfu ishirini na kitu. LED ya wati 100 kwa saa zilezile ni uniti 27, chini ya elfu kumi. Kuna zile balbu kali za zamani za metali halaidi za wati 250. Ukifunga mbili, saa nane kwa siku, unakula uniti 120 kwa mwezi, zaidi ya elfu arobaini, na sebule inakuwa jiko. Hizo usiziguse.

#5 Mama_Chumvi

Mtu wa Kisauni, pole, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Mimi nina tangi Mbezi Beach mwaka wa sita.

Anza na hili. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake wanaishi vimwani vidogo sana vinavyoitwa zuzanthela. Hivyo ndivyo vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula, na kingi wanampa mwenye nyumba. Kwa hiyo unapochagua taa, unachagua taa ya kulisha vimwani, na macho yako yanakudanganya kuhusu wingi wa mwanga huo. Ndiyo maana tunapima kwa PAR, yaani mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 ambao mmea unaweza kuutumia. Matumbawe laini yanatosheka na PAR 50 hadi 150. Yufilia naiweka kwenye 100 hadi 150, nikisukuma sana 200. Akropora inataka 250 kwenda juu. Umeona tatizo lako? Una wakazi wa mitaa mitatu ndani ya nyumba moja.

Rangi sasa. Tumbawe likinyimwa mwanga huongeza zuzanthela ili lishike kile kidogo kinachofika, nazo rangi yake ni kahawia. Hizo ndizo akropora zako, T5 zako nne zimechoka. Mirija ya T5 kwenye tangi la matumbawe hubadilishwa kila miezi tisa hadi 12 hata kama bado inawaka. Tumbawe likipigwa na mwanga ghafla hufukuza zuzanthela na kupauka. Hiyo ndiyo yufilia yako ya kushoto, chini kabisa ya hiyo taa ya uani. Kwa maoni yangu mwanga umepungua juu na umezidi kona moja, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Ushauri: hiyo taa nyeupe ya uani haina buluu ambayo matumbawe yanaihitaji. Iondoe leo. Tafuta LED ya baharini yenye buluu ya nanomita 450 hivi na swichi mbili, ya buluu na ya nyeupe.

#6 Kaskazi_Kali

Mama_Chumvi heshima yako, lakini mbona hakuna aliyeuliza joto la maji? Mkuu wa Kisauni, taja nyuzi kabla hatujamaliza pesa zako.

#7 Mtu_wa_Kisauni

Asante Mama_Chumvi, taa nimeizima jana usiku.

Kaskazi_Kali: asubuhi 28.4, jioni 30.1. Wiki iliyopita siku moja ilifika 30.6. Chila, mashine ya kupoza maji, sina. Kiyoyozi tunawasha tukiwa nyumbani tu.

#8 Kaskazi_Kali

Basi jibu lako hilo hapo. Huo ni ugonjwa wa joto, taa mnaionea.

Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, mwambao wetu wote ulipauka. Tutia, kule kusini mwa Mafia, matumbawe mengi mno yalikufa. Taa ilikuwa ileile, jua lilelile la miaka yote. Kilichobadilika ni maji. Joto likipanda nyuzi moja au mbili juu ya kawaida ya miezi ya joto na likakaa wiki kadhaa, tumbawe linafukuza vimwani vyake. 2016 tukaona tena, 2024 tena. Na sasa ni Novemba, kaskazi yenyewe bado haijavuma. Januari hadi Machi hilo tangi litakuwa nyuzi 32 kama hujafanya kitu. Ningekuwa wewe, laki tisa yote ingeenda kwenye chila, taa baadaye.

#9 Mama_Chumvi

Kaskazi_Kali, joto nakubali ni hatari, lakini lingekuwa joto peke yake, vichwa vyote vinne vya yufilia vingepauka. Wako kwenye maji yaleyale. Kwa nini kimoja tu, tena kile cha chini ya taa?

#10 Kaskazi_Kali

Kwa sababu joto na mwanga vinasaidiana kuua. Tumbawe lililochoshwa na joto haliwezi kuhimili mwanga ambao mwezi jana lilikuwa likiufurahia. Hata 1998 yaliyokuwa chini ya kivuli cha miamba yaliponea mara nyingi. Ukishusha joto, mwanga uleule utakuwa salama. Ndiyo maana nasema chila kwanza.

#11 Mlinzi_wa_Fukwe

Kabla hatujaendelea na taa naomba niulize kwa nia njema: hayo matumbawe yalitoka wapi? Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa vya hapa Dar, ni hifadhi tangu 1975, na kuna Sheria Na. 29 ya 1994 ya hifadhi za bahari. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Nimeona vijana wanavunja vipande kwa nyundo kuuzia watalii, inaniuma sana. Miamba yetu imepigwa baruti, imechomwa chokaa, isije ikamalizwa na sebule zetu.

#12 Mtu_wa_Kisauni

Umeuliza haki yako. Jirani aliniachia bahasha yenye karatasi za kibali cha kuyaingizia, ni vipande vilivyokuzwa shambani nje ya nchi, hakuna kilichovunjwa baharini hapa. Nakala ninazo. Na nikirudi Mombasa najua nitahitaji kibali tena, la sivyo nitayaacha kwa mtu wa hapa mwenye tangi. Nisingependa kuyavusha kwa njia za panya.

#13 Mlinzi_wa_Fukwe

Ubarikiwe. Endeleeni.

#14 mdau_sinza

Wakenya mkija Dar mnahamia mpaka na bahari ndani! Karibu sana ndugu, lakini picha bado tunaisubiri.

#15 Ilala_hadi_Muscat

Nimezaliwa Ilala, niko Muscat mwaka wa 11, na nina tangi la lita 250. Nina mambo matatu.

Mama_Chumvi, naomba nirekebishe hapo penye taa nyeupe. LED nyeupe kwa undani wake ni kijipande cha buluu cha nanomita 450 hivi kilichopakwa unga wa njano juu. Buluu imo. Na miaka ya metali halaidi watu walikuza akropora kwa kasi chini ya balbu za 6500K. Matumbawe yalikua, ila yalionekana ya njano na kahawia machoni. Kwa hiyo taa ya uani haikosi buluu, inakosa mtawanyiko na inakosa namna ya kupunguza. Inamwaga mwanga wote mahali pamoja.

FundiTabata, T5 zake ni sita, wewe umehesabu nne. Zikiwaka zote ni wati 324, uniti kama 87 kwa mwezi, elfu thelathini na moja. Hapo ndipo LED inapojilipa.

La tatu ni langu mwenyewe. Nilipohamia LED kutoka T5 niliipenda mno, nikaiwasha asilimia 100 siku ya kwanza. Siku ya tano yufilia wangu walikuwa weupe kama karatasi. Maji yalikuwa nyuzi 25, chila inafanya kazi, kiyoyozi hakizimwi huku. Kwa hiyo Kaskazi_Kali, inawezekana kabisa kupausha tumbawe bila joto. Sasa nikifunga taa mpya naanza asilimia 30, napandisha taratibu kwa wiki nne au tano. Vichwa viwili vilirudi baada ya miezi minne. Kimoja hakikurudi.

#16 FundiTabata

Kweli, amesema minne imebaki lakini taa kamili ni sita. Nashukuru kwa kunirekebisha.

Kwa wanaotumiwa taa na ndugu walioko Marekani: angalia maandishi kwenye adapta. Ikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, chomeka, unabadilisha kichwa cha plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, usijaribu, itaungua mbele ya macho yako. LED nyingi za kisasa hazina shida, pampu za maji ndizo zinaungua. Wewe wa Kisauni huna wasiwasi, plagi ya Mombasa na ya hapa ni ileile ya meno matatu, utahama na taa yako bila kugusa waya.

#17 Mzee_Bamvua

Naona mmenipita kama sikusema. Matumbawe yale ya Kunduchi ninayaona kwa macho yangu, yanakaa juani.

#18 Mama_Chumvi

Hatujakupita mzee wangu, shikamoo. Unayoyaona juu ya mwamba ni yale yaliyozoea kubaki wazi, mengine hufunikwa na ute wakati maji yamekupwa. Yufilia hupendelea maji yaliyotulia, mara nyingi ya kina zaidi au yenye tope kidogo. Jua la adhuhuri juu ya maji ni kama PAR 2000. Kila mita unayoshuka linapungua, nyekundu inakwisha mapema, buluu ndiyo inayofika mbali. Tangi la sentimita 50 halina kina cha kumkinga.

Kisha, bahari ni bahari. Tangi la lita 300 barazani saa nane mchana litachemka. Kuna watu wanafanya hivyo nchi za baridi, kwenye vibanda vya vioo. Hapa sijaona aliyefanikiwa bila chila kubwa.

#19 Mzee_Bamvua

Marahaba mwanangu. La joto barazani nimekubali. Ila jua nalitetea bado, hata kwa dirisha.

#20 Bint_Upanga

Mimi mpole tu huwa nasoma. Mume wangu aliweka taa ya buluu tupu, sebule ikawa kama ukumbi wa muziki, wageni wakikaa meno yanang'aa. Ni kweli buluu inasaidia matumbawe au ni ya urembo?

#21 Ilala_hadi_Muscat

Vyote dada. Zuzanthela wanaitumia vizuri sana, na matumbawe mengi yana protini zinazopokea buluu na kuitoa tena kama kijani au chungwa, ndiyo ule mng'ao. Wengine wanasema protini hizo ni kama mwavuli wa kujikinga na mwanga mkali, wengine wanasema zinasaidia kule chini penye giza. Mwambie aongeze nyeupe kidogo saa za wageni. Matumbawe hayatalalamika.

#22 Maji_ya_Kigamboni

Samahani natoka kidogo kwenye taa. Maji unatoa wapi mkuu? Mimi nilikuwa nachota karibu na mdomo wa Msimbazi kwa sababu ni karibu na nyumbani, matumbawe yakawa kahawia yote, hata nibadilishe taa mara ngapi. Maji ya mto yamebeba mbolea na maji machafu ya mji, nitreti na fosfeti tele, na zuzanthela wanazaliana humo kama mboga kwenye samadi. Sasa navuka pantoni na madumu kumi, naenda mbele kabisa Kigamboni, nachota maji yakiwa yamejaa. Masika sichoti kabisa, chumvi inashuka, nachanganya chumvi ya pakiti gramu 35 kwa lita. Rangi zilirudi na taa ni ileile ya zamani. Kwa hiyo mimi nasema akropora zako pima nitreti kwanza.

#23 Mtu_wa_Kisauni

Nachota Kigamboni pia. Nimepima leo: nitreti kama 25, fosfeti kifaa changu hakisomi vizuri. Kumbe ni juu?

#24 Mama_Chumvi

25 kwa akropora ni juu, kwa yufilia si mbaya. Hapo naanza kumsikia Maji_ya_Kigamboni kuhusu kahawia. Lakini T5 za miezi 14 bado nazishitaki.

#25 Kijana_wa_Lux

Kama huna mita ya PAR, ambayo ni ghali mno, tumia programu ya kupima lux, yaani mwangaza, kwenye simu. Kwa jua, gawanya lux kwa 54 unapata PAR. Funga simu kwenye mfuko usiopitisha maji uizamishe.

#26 Ilala_hadi_Muscat

Kwa jua sawa. Kwa taa ya buluu hesabu hiyo haifai, maana lux imepimwa kwa jicho la binadamu linalopenda kijani, buluu inaisoma kidogo kuliko ilivyo. Ukiiamini utaongeza mwanga hadi uunguze. Itumie kulinganisha tu, kona hii na kona ile chini ya taa ileile.

#27 Mtu_wa_Kisauni

Ndugu zangu, nimepata jambo. Nimefanya alivyosema Kijana_wa_Lux kwa kulinganisha tu, Jumapili nzima, kila saa moja, mwanangu akiandika namba kwenye daftari lake la hesabu. Taa ya uani imezimwa, T5 nne zinawaka.

Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi, kona zote mbili zinakaribiana. Saa kumi na moja kasoro jioni, kona ya kushoto ikaruka mara sita. Mwanangu akasema baba umesoma vibaya. Kuinama tukaona mwale wa jua umepita kwenye dirisha la magharibi, umepenya kioo cha pembeni, umetua juu ya yufilia ileile. Ulikaa pale dakika 40. Mwezi wa sita jua halikuwa likifika pale, nina hakika, kwa sababu meza ya kusomea ya mtoto ilikuwa hapo na hatukuwahi kuvuta pazia.

Sasa sijui tena. Ni taa, ni jua, au ni joto?

#28 Mzee_Bamvua

Hilo nalijua vizuri. Mwezi wa sita jua linazama kaskazini ya magharibi, mwezi wa 12 linazama kusini yake. Wavuvi tunaliona kwa alama za pwani, haliendi kulala mahali pamoja. Dirisha lako lilikuwa na kivuli cha ukuta kusi nzima, sasa jua limehama upande. Mwezi wa kumi lilipita utosini, hapa Dar linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi.

#29 Kaskazi_Kali

Na huo mwale ndio unaopandisha maji kutoka 28 hadi 30 kila jioni. Tumerudi kwenye joto.

#30 Ilala_hadi_Muscat

Au ni mwanga wa ghafla, dakika 40 kila siku juu ya tumbawe lililozoea kivuli. Tumerudi kwenye mwanga. Vuta pazia wiki mbili usibadilishe kitu kingine, tutajua.

#31 Mama_Chumvi

Akivuta pazia na taa ya uani imeshazimwa, hatutajua ni ipi. Ila yufilia ndiyo muhimu kuliko sisi kujua. Vuta pazia mdogo wangu.

#32 FundiTabata

Mimi nina wazo ambalo halijasemwa. Taa nyingi za uani za bei nafuu zinapepesa, macho hayaoni lakini ukiielekezea kamera ya simu utaona mistari inapita. Mnyama wa kwenye mwamba hajawahi kuona mwanga unaopepesa mara 100 kwa sekunde. Je, haiwezi kuwa hiyo?

#33 Ilala_hadi_Muscat

Hata jua chini ya maji linapepesa fundi, mawimbi yanakusanya mwanga na kuuachia. Lakini sikupingi, sijajaribu.

#34 Mtu_wa_Kisauni

Pazia limevutwa. Feni ndogo nimeifunga ielekee uso wa maji, jioni ya jana ilikuwa 28.9. Inakunywa maji kama lita tatu kwa siku, naongeza ya kunywa yaliyochujwa, yasiyo na chumvi.

#35 Kaskazi_Kali

Feni itakusaidia sasa. Januari hewa ikiwa nzito kwa unyevu, maji hayataki kukauka na feni inapoteza nguvu. Weka akiba ya chila. Ikila wati 200 kwa saa kumi ni uniti 60 kwa mwezi, elfu ishirini na moja.

#36 Mama_Chumvi

Kuhusu taa yenyewe, maana uzi ulianza hapo. Kwa laki tisa na tangi la sentimita 120, ningechukua mbili za zile za kisanduku cheusi zinazoandikwa wati 165. Kwa kweli zinakula kama 110 kila moja. Zina swichi ya buluu na ya nyeupe, unazitundika sentimita 25 juu ya maji. Buluu asilimia 40, nyeupe asilimia 10, unapanda polepole. Akropora juu katikati ya taa, yufilia pembeni chini. Usinunue moja ukidhani itafika kote, itakuwa yaleyale ya taa ya uani.

#37 Ilala_hadi_Muscat

Mimi ningechukua moja ya daraja la juu, na mirija miwili ya T5 pembeni kuua vivuli. LED ni nukta, ukitundika chini inaacha kivuli kigumu chini ya kila tawi, upande wa chini wa akropora unakufa polepole. T5 inamwaga mwanga pande zote.

#38 Mama_Chumvi

Mirija ataipata wapi? Ameshazunguka Kariakoo. Ulaya zile za kawaida za vyumbani zilizuiwa kuingia sokoni tangu Agosti 2023, na nchi zimekubaliana taa za zebaki za aina hiyo zikome kufikia 2027. Unamfunga kwenye kitu kinachokufa.

#39 Ilala_hadi_Muscat

Za matangi bado zinatengenezwa dada. Mwaka na nusu wake utatosha.

#40 Bint_Upanga

Umeme ukikatika usiku mnafanyaje? Wetu ulikatika saa nane usiku mpaka asubuhi, tulikesha tunakoroga maji kwa mwiko.

#41 FundiTabata

Taa acha izime, giza la siku moja au mbili haliyaui. Kinachoua haraka ni maji kusimama, hewa inaisha. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, au inveta ndogo ya kubeba pampu ya mkondo peke yake. Usiiunganishe na taa, itakula betri kwa saa mbili.

#42 Mtu_wa_Kisauni

Siku ya 12 ya pazia. Yufilia ya kushoto leo asubuhi imetoa mikono kama nusu ya urefu wake, bado imepauka ncha. Akropora bado ni chai. Taa nimeagiza visanduku viwili kama alivyosema Mama_Chumvi, T5 nne nitaziacha pembeni kama alivyosema wa Muscat mpaka zife zenyewe. Chila naiwekea akiba.

Mzee_Bamvua, mwanangu amesoma habari zako zote kwa sauti. Anataka kuyaona matumbawe yanayobaki wazi. Tukija Kunduchi utatuonyesha bila kuyakanyaga?

#43 Mzee_Bamvua

Njooni mwezi ukiandama, bamvua ya kwanza. Maji yanakupwa saa nne asubuhi, mfike saa tatu. Mtoto avae viatu, kuna mafume, yana miiba. Tutatazama kutokea kwenye mchanga.

#44 mdau_sinza

Na mimi naja. Na picha bado.